Kahawa Ikishapumzika

2 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwanza, maana nikianza na habari utasema kiwanda kilinimaliza adabu. Mimi mzima. Goti la kushoto linagoma asubuhi na kurudi kazini jua likishapanda. Masikio ndiyo yaleyale, mashine za misumari ziliyala yote mawili na hazitayatapika. Kwa hiyo usihangaike kupiga simu. Juzi kinyozi, huyu jirani yangu, alinishikia simu yake sikioni niongee na mtu wa ofisi ya maji, nikasikia nyuki ndani ya chupa. Barua inanitosha. Ukiniandikia, mpe mtu wa mabasi, mimi nitaichukua ofisi ya mizigo. Naenda huko Jumamosi tu, kwa sababu ya hilo goti.

Sasa jiandae kucheka. Nimeanza kukaanga kahawa. Mimi huyu, niliyekunywa chai ya marehemu wifi yako maisha yangu yote. Nilinunua buni mbichi sokoni, nikashusha kile kikaango chake kizito cha chuma, nikajifungia jikoni. Mara ya kwanza nilitoa makaa. Mara ya pili makapi yaliruka mpaka kwenye nyusi, na kinyozi akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Mara ya tatu kimetoka kitu cha kumpa mtu, nacho nakutumia kwenye kopo hili. Usishangae tundu kwenye kifuniko, nimelitoboa kwa msumari. Kahawa ikitoka motoni hupumua siku kadhaa, ukiibana kifuniko kinaruka na kumtisha kondakta.

Sheria ni moja. Usiifungue kabla ya wiki kupita. Kahawa mpya ina hasira ya moto, ukiinywa siku ileile itakukwaruza koo. Iache ipumzike kwanza. Haraka haraka haina baraka.

Watu wengine wa familia sijawauliza hali, na wewe usinijibu.

Kaka yako

*

19 Februari

Kaka, shikamoo.

Sisi huku tunaendelea. Duka la vifungo ni lilelile, wateja wanaleta kifungo kimoja kilichovunjika na kutaka mwenzake aliyezaliwa naye. Mpwa wako wa kiume amepata kazi ya kuendesha lori la maziwa, sasa anaamka kabla ya jogoo na kutuamsha wote. Kopo lako nalirudisha, na kwa kuwa kopo la watu halirudi tupu, nimekuwekea vifungo vya lile koti lako la kijivu unalolifunga kwa pini kama mtoto wa shule.

Kahawa imeonjwa, na wiki ilingojewa. Imeonekana nje imeiva na ndani bado mbichi, ina ladha ya majani. Moto ulikuwa mkali mno mwanzoni. Punje ziwe za kiasi, nusu ya hizo ulizotia, na uanze na moto mdogo.

Sasa nitasema ambalo hukuniuliza. Mtu hafiki uzeeni na kuanza kukaanga kahawa bila sababu, na sababu mimi naijua kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale sebuleni. Mwanao alisafiri kuja kumzika mama yake, daraja likabebwa na maji, akalala barabarani, akafika watu wameshatoka makaburini. Aliingia na vumbi lake. Mtu akampa kikombe cha kahawa kabla hata hajakaa. Nawe ukamwambia, kwa hiyo sauti yako ya kushindana na mashine: “Waliokuja kuzika wamezika. Wewe kunywa kahawa yako.” Nyumba nzima ilisikia. Akakiweka kikombe chini, akatoka, na mwaka umepita.

Ulikuwa na uchungu, kaka, nalijua hilo. Lakini naye alikuwa na wake. Mwandikie. Mstari mmoja tu unatosha.

Yeye anaendelea.

Mdogo wako

*

9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu na shukrani kwa vifungo. Nimevishona mwenyewe, kimoja kimekaa juu ya tundu la mwenzake, lakini koti linafungika. Mpwa wangu mwambie maziwa hayapendi kona za kasi.

Shauri lako la moto nimelifuata. Nimegundua jambo tena. Wenye masikio wanasikiliza buni zinapopasuka, maana zikiiva hulia kama bisi, na hapo ndipo hujua waondoe kikaango. Mimi nisingezisikia hata zingepiga tarumbeta. Basi nashika mpini kwa kitambaa chembamba, na zinapoanza kupasuka nazihisi kiganjani, tik, tik, kama kifaranga anayegonga ganda. Nilipozihisi mara ya kwanza nilikaa chini jikoni. Ni muda mrefu hakuna kitu kilichonisemesha bila kurudia mara tatu.

Kopo la leo nilikaanga kwa moto mdogo, nikapoza mbele ya feni. Ngojeni wiki.

Hayo mengine niachie. “Anaendelea” ni jibu wanalotoa manesi mlangoni. Kama mtu anataka kuniandikia, anwani haijahama.

Kaka yako

*

6 Aprili

Kaka, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nyumbani nina mgeni na kazi zimeongezeka, dukani nashinda nusu siku tu, mwenye duka ameninunia lakini ananivumilia kwa sababu hajui zipu ziko wapi.

Kahawa ya safari hii imesifiwa. Imeambiwa ina utamu mwishoni, kama mkate ulioungua kidogo pembeni. Lakini umeipoza polepole mno, feni peke yake haitoshi. Chukua ungo, uirushe hewani hadi mkono uweze kuishika. Pia usikoroge kama unayesonga ugali, itikise tu. Na imeulizwa kama unafungua dirisha la jikoni, kwa sababu moshi si mzuri kwa kifua chako.

Nina ombi. Lile blanketi la kijivu lenye mshono mwekundu, kama bado lipo kwenye sanduku la juu ya kabati, litume. Usiku huku kuna baridi.

Mdogo wako

*

20 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu ninaziruka leo, utaninunia baadaye.

Wewe hunywi kahawa. Tangu ujana wako ukinywa robo kikombe moyo unakukimbia na mkono unatetemeka, mama alikuwa akikuficha birika. Kopo la kwanza nilikutumia kwa usahaulifu wa kizee, na uliponijibu kuhusu moto nikajiambia labda uzee umekutibu. La pili nikaanza kujiuliza. Safari hii nimesoma barua yako jikoni nikiwa nimeshika ungo, na sikuwa na haja ya kuuliza tena. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye tangu hajafika mezani kwa kimo alikuwa akionja chakula cha mama yake na kutoa amri, punguza hiki, ongeza kile, fungua dirisha. Ndiyo maana tulimwita Bosi.

Na blanketi ni lake. Mshono mwekundu aliushona mwenyewe akijifunza, kabla hajawa fundi wa viti vya magari na kuanza kuwacheka wanaume wanaoshona vibaya.

Yuko kwako. Ndiye mgeni wako. Anakunywa kahawa yangu.

Nimezunguka chumba hiki tangu asubuhi. Kinyozi kaniona dirishani akadhani jino linaniuma. Mwambie kwamba daraja lile nililiona baadaye, nilikwenda hadi pale kwa miguu yangu, nikaona lilivyovunjika. Nilijua nilichosema ni uonevu siku ileile, kabla hajafika getini. Nikangoja arudi niseme. Hapana, usimwambie. Maneno kama hayo hayatumwi kwa basi.

Blanketi hilo hapo. Nimelianika juani siku mbili. Na kahawa, nimeirusha kwenye ungo kama alivyoagiza.

Kaka yako

*

2 Mei

Kaka, shikamoo.

Ni kweli, yuko hapa. Alikuja mwezi wa kwanza na begi moja, akaniapisha nisiseme. Umejua mwenyewe, kwa hiyo kiapo changu sijakivunja, ila nitakivunja sasa.

Hakuja kutembea. Anaumwa, na si homa ya kuja na kuondoka. Jina la ugonjwa amenikataza kukuandikia. Anasema hataki baba aje kwa huruma, anataka aje kwa sababu amemkumbuka. Mna kichwa kimoja ninyi wawili, sijui marehemu aliishije kati yenu. Alipoona blanketi alilinusa, akasema lina harufu ya jikoni kwako, akalala nalo mpaka jioni. Nilimsomea na yale uliyoniambia nisimwambie. Aligeuzia uso ukutani. Kisha akauliza kama goti lako linaweza kukaa kwenye basi safari yote hii.

Kaka, hilo kwa lugha yake ni mwaliko. Njoo. Njoo na kahawa mbichi, njoo na iliyoungua, njoo mikono mitupu. Usiniulize zaidi. Wewe hupenda kusema haraka haina baraka. Na mimi nakukumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mdogo wako

*

9 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na nyingine za pembeni kwa Bosi. Barua yako niliipata Jumamosi, na tangu hapo nimekuwa kijana. Kinyozi amenikata nywele bure akisema hawezi kuniacha niende kwa binti yangu nikifanana na brashi ya chuma.

Nakuja. Jumamosi ya tarehe kumi na nane, kwa basi la alfajiri.

Najua utauliza kwa nini si kesho. Sikiliza kwanza. Yule muuza buni amenipatia buni za mlimani, punje ndogo, nzito, za rangi ya jani bichi, hajawahi kuniuzia kama hizo. Nimezikaanga leo. Mkono wangu haujawahi kuwa sawa kama leo, nilihisi mpasuko wa kwanza, nikahesabu pumzi, nikaondoa. Zimetoka kahawia tupu, hakuna hata moja iliyoungua. Sasa zinapumua kwenye kopo, na zinataka wiki yao. Mimi mtoto wangu nilimvunjia heshima kwa kikombe cha kahawa, mbele ya watu. Siwezi kumwendea na kahawa ya kukwaruza koo. Nataka nimtilie kikombe mwenyewe, mbele yako na mbele ya mpwa wangu na yeyote atakayekuwepo, nimwambie, “Bosi, kunywa kahawa yako.” Maneno yaleyale, yatoke kinywani safari hii kama yanavyopaswa kutoka. Nimeyajaribu mbele ya kioo. Nadhani nayasema kwa sauti kubwa mno, kinyozi ameniambia nje wanaitikia.

Mwambie avumilie siku chache. Mwambie ipo kwenye kopo, inapumzika.

Kaka yako

*

14 Mei

Kaka,

Njoo leo. Ukipata hii, usingoje Jumamosi, usingoje kitu chochote. Nimempigia kinyozi simu tangu jana, haipatikani. Panda basi lolote.

Mdogo wako

*

8 Juni

Mdogo wangu,

Nimefika nyumbani salama. Hiyo ndiyo salamu niliyo nayo.

Karatasi yako ya “njoo leo” niliipokea asubuhi hii ofisi ya mizigo. Ilikuwa imelala rafuni tangu tarehe kumi na tano, chini ya matairi ya baiskeli ya mtu. Yule karani akanisalimia, akaniuliza leo sijaleta kopo. Nikamwambia leo sijaleta.

Pale kwako sikuweza kusema, nyumba ilikuwa na watu, na mimi nikisema nasikika mpaka mtaa wa pili. Kwa hiyo nakuandikia. Alhamisi ile kinyozi aligonga mlango wangu asubuhi. Simu yako ilikuwa imempata. Aligonga mbele, akagonga dirisha, nami nilikuwa nyuma napiga pasi shati la safari. Akaandika kikaratasi akakisukuma chini ya mlango, akaenda kwa mteja. Nilikiona. Nilikiruka kwa mguu, nikidhani ni tangazo la wauza godoro. Nikakiokota jioni nilipokuwa nafagia ili niache nyumba safi. Kimeandikwa kwa herufi kubwa, kwa sababu anajua miwani yangu: BINTI YAKO AMEFARIKI. NENDA.

Basi la alfajiri ya Ijumaa ndilo nililopata. Njiani tulisimamishwa kwenye mizani, dereva akabishana na askari mpaka jua likawa utosini. Nilitaka kushuka niwaambie. Nikakaa. Nilikuwa nimelipakata kopo, nalihisi likipumua kwenye tundu lake dhidi ya tumbo langu.

Unajua nilivyofika. Viatu vya watu mlangoni vilikuwa na udongo mwekundu mbichi, na hapo nilijua. Mlinisubiri, uliniambia, mpaka wenye makaburi wakasema hapana. Sikulaumu. Niliingia na vumbi langu. Nawe ukanijia, ukanipa kikombe kabla sijakaa.

Nilikishika kile kikombe, nikawatazama watu wote sebuleni, mmoja mmoja. Nilikuwa nangoja mtu aseme. Wengi wao walikuwepo kwangu siku ile, walisikia. Nilitaka mmoja wao aniambie, waliokuja kuzika wamezika. Niliona midomo yao, haikusogea. Mpwa wangu akanisogezea kiti. Mwenye duka lako akanishika bega. Mdogo wangu, huruma yao iliniumiza kuliko neno lolote. Yeye alipata neno na mimi nikapata kiti.

Kopo nililiacha chini ya kitanda chake, mtajua la kulifanyia.

Nina swali moja, na hili ulijibu hata kama alikuapisha. Alijua kwamba nakuja?

Kaka yako

*

29 Juni

Kaka yangu, shikamoo.

Nimeanza barua hii na kuichana mara nyingi. Huku wazima. Mwanangu amebadilishwa njia, sasa lori lake linapita karibu na makaburi, na kila akipita hupunguza mwendo. Duka nimerudi siku nzima.

Alijua. Barua yako ya tarehe tisa ilifika upesi, nikamsomea kitandani. Pale kwenye kioo na kinyozi alicheka mpaka akaomba nimwinue. Akasema, “Amefanya mazoezi!” Kisha akaniambia nisikuandikie uharakishe. Nilibishana naye. Akasema mwache, shangazi, baba hajawahi kumngojea mtu kwa furaha, mwache angoje. Alisema hajawahi kuletewa kitu alichofanyiwa kazi namna hiyo. Nilimsikiliza kwa siku chache, kisha nikaona miguu yake imevimba na pumzi imebadilika, nikakuandikia kwa siri. Nilichelewa. Hilo nitakufa nalo, kaka, na usiniambie vinginevyo.

Zilikuwa figo. Sasa hakuna wa kunikataza kusema. Daktari alikuwa amempimia maji, kwa siku alikuwa na kikombe kikubwa na nusu tu, ya kunywa na ya kumezea dawa na yote. Mdomo ulikuwa unamkauka mpaka unapasuka. Na katika maji hayo machache, tangu kopo lako la kwanza, alikuwa akitenga ya kahawa. Alikuwa akivumilia kiu tangu asubuhi ili jioni apate kile kikombe kidogo, akainywa kwa kijiko, akaniambia andika hivi, andika vile, mwambie moto ulikuwa mkali. Nilimwambia hayo maji si afadhali uyanywe yakiwa maji. Akasema haya ndiyo yanayonikata kiu.

Na tangu barua yako ifike, kila asubuhi nilipofungua pazia aliniuliza neno lilelile: “Imeshapumzika?” Nikamjibu bado. Akasema, “Haya.” Alhamisi hakuuliza.

Kopo lako sijalifungua. Liko mezani. Sitalirudisha tupu, na sina moyo wa kulirudisha lilivyo. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako

*

13 Julai

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mwanao. Mwambie asipunguze mwendo, asimame kabisa, ashuke, amsalimie dada yake. Maziwa yatangoja.

Lako la kufa nalo lipunguze, unigawie nusu, mabega yangu yalibeba misumari.

Kopo lifungue. Hunywi, najua. Wape watu wa duka, wape majirani, mpe dereva wa lori. Wasingoje siku wala saa.

Jana nilishusha kikaango. Sikuwa nimekishika tangu nirudi, kinyozi alidhani nimeacha. Nikafungua dirisha kama alivyoagiza, nikaanza na moto mdogo kama alivyoagiza, nikatikisa bila kukoroga. Ziliponigonga kiganjani nikaondoa, nikazirusha kwenye ungo. Kisha sikutafuta kopo. Nilizisaga zikiwa bado na joto, nikachemsha maji, nikatia kikombe kimoja kidogo, nikakaa kwenye kiti cha mama yake, nikanywa hapohapo, na moshi ukiwa bado jikoni.

Maisha yangu yote ya ufundi huu sikuwahi kuionja siku ileile. Niliambiwa na muuza buni kwamba haifai, nikaamini, nikaigeuza sheria, nikawaandikia na ninyi.

Ina ukali kidogo. Inakwaruza, si sana.

Inanyweka, mdogo wangu. Inanyweka vizuri kabisa.

Kaka yako